Bukavu: Umefukuzwa kazi baada ya kugombana na patroni, nani anakulipa?

Barua yenyewe huwa fupi. Mistari mitano au sita, muhuri wa bluu, sahihi ya mkurugenzi, na maneno mawili ambayo kila mfanyakazi wa Bukavu anayajua kwa Kifaransa hata kama hakumaliza shule: "faute lourde", yaani kosa zito. Anayeipokea anaambiwa arudishe beji na ufunguo. Mara nyingi anakuwa ameshafika Place Mulamba kwa miguu kabla hajaelewa vizuri kwamba mwisho wa mwezi hakuna kitu kitakachoingia nyumbani.

Nyumbani swali linakuja haraka, kutoka kwa mke, kwa shemeji, kwa mwenye nyumba anayesubiri kodi: kwa miaka yote hiyo walikuwa wanakukata pesa kwenye mshahara, sasa Leta haitakupa hata kidogo?

Jibu ni hapana. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hakuna malipo ya ukosefu wa kazi. Mtu aliyeachishwa kwa kosa lake, aliyeachishwa kwa kuonewa na aliyeacha kazi mwenyewe wote wako sawa mbele ya serikali kwa jambo hili: hakuna anayelipwa. Tofauti kati yao iko pengine, kwenye deni la mwajiri. Na hapo ndipo wafanyakazi wengi wanapoteza pesa zao, kwa sababu wanatafuta haki yao kwenye ofisi ambayo haina cha kuwapa na wanaacha ile ambayo ingewasaidia.

Zile pesa zinazokatwa zinakwenda wapi?

Kila mwezi mwajiri aliyejiandikisha anapaswa kupeleka kwenye Kaisi ya Taifa ya Usalama wa Jamii, CNSS, asilimia 18 ya mshahara. Mfanyakazi anachangia asilimia 5, mwajiri anaweka 13. Asilimia 10 ni za pensheni, zikiwemo zile 5 za mfanyakazi, 6.5 ni za posho za familia, na 1.5 ni kwa ajili ya ajali za kazini na magonjwa yanayotokana na kazi. Ukijumlisha unapata 18 kamili. Hakuna hata senti moja iliyowekwa kando kwa ajili ya mtu aliyepoteza kazi.

Mpango huo ni wa zamani. Taasisi iliyotangulia CNSS, ile INSS ambayo wazee wa Bukavu bado wanaitaja kwa jina hilo, iliundwa mwaka 1961 na matawi hayohayo matatu. Sheria mpya ya usalama wa jamii ya tarehe 15 Julai 2016 ilirekebisha mengi, lakini ukosefu wa kazi haukuingizwa. Mwaka 1987 nchi iliridhia Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, unaoruhusu kila serikali kuchagua sehemu itakazozibeba. Sehemu ya malipo ya wasio na kazi, Kinshasa haikuichukua.

Kwa hiyo michango ya mfanyakazi haipotei, ila haiwezi kumsaidia leo. Inamsubiri mpaka afikishe miaka 60, kama mwajiri aliipeleka kweli. Hilo "kama" si dogo. Wako wafanyakazi wanaokatwa asilimia 5 kwenye fishi ya malipo, halafu wanagundua siku ya kuachishwa kwamba jina lao halijawahi kufika CNSS.

Kuna mkanganyiko mwingine, na huu unatoka Ulaya. Mkongomani anayeishi Bruxelles akipoteza kazi, malipo yake yanapitia taasisi inayoitwa ONEM. Bukavu nayo inaijua ONEM. Jina ni lilelile, herufi zilezile, lakini ONEM ya Kongo, iliyoundwa mwaka 2002, kazi yake ni kuandikisha wanaotafuta ajira na kuwaunganisha na wanaoajiri. Hailipi mtu kwa sababu amekosa kazi. Ndugu anayepiga simu kutoka Ubelgiji na kusema "nenda ONEM, watakupa" anasema kweli ya kwake. Hata huko, mtu aliyeacha kazi bila sababu nzuri au aliyefukuzwa kwa kosa lake anaweza kusimamishiwa malipo kuanzia wiki 4 hadi 52.

Mlinzi wa Muhumba

Ili kuona mwajiri anadaiwa nini, chukua mfano wa mlinzi wa kampuni ya ulinzi aliyewekwa kwenye nyumba moja ya Muhumba. Amefanya kazi miaka minne kamili. Mshahara wake ni dola 120 kwa mwezi. Ameomba alipwe saa za ziada, mkubwa wake amekataa, sauti zimepanda mbele ya geti, na kesho yake ameambiwa asirudi.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaanza na jambo moja ambalo mapatroni wengi hawalipendi: mkataba usio na mwisho hauvunjwi bila sababu halali. Sababu hiyo lazima ihusiane na uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya kampuni. Barua ya kumwachisha inapaswa kuitaja kwa maandishi. "Usirudi kesho" iliyosemwa getini si barua.

Sheria hiyo inataja pia mambo ambayo hayawezi kuwa sababu: kuwa mwanachama wa sendika, mimba, kabila, dini, maoni ya kisiasa. Na limo hili linalogusa magomvi moja kwa moja: kumshtaki mwajiri, au kupeleka malalamiko kwa wakuu wenye mamlaka kwa ajili ya sheria iliyovunjwa. Hapa kuna tofauti ambayo mlinzi wetu angefaa kuijua mapema. Ugomvi wa mdomo getini, patroni anaweza kuuita matusi. Malalamiko hayohayo ya saa za ziada, yakiwa yameandikwa na kupelekwa kwa inspekta wa kazi, yenye muhuri wa kupokelewa, yanakuwa ngao. Atakayemfukuza kwa ajili ya karatasi hiyo amejitengenezea kesi.

Tuseme sasa kampuni inasisitiza kumwachisha lakini haidai kosa zito. Inapaswa kumpa preavi ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Kwa miaka minne: 14 na 28, jumla siku 42 za kazi. Kwa juma la siku sita, hizo ni wiki saba. Kama haitaki kumwona tena getini, inamlipa siku hizo pamoja na faida nyingine alizokuwa anapata. Ukigawanya dola 120 kwa siku 26 za kazi za mwezi, siku moja ni dola 4.6 hivi, na preavi nzima inakaribia dola 194.

Juu yake kuna likizo. Mtu mzima anapata walau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili. Kama hakupumzika mwaka wa mwisho, hizo ni siku 12, karibu dola 55. Ongeza siku alizofanya mwezi huu ambazo hajalipwa, ongeza na zile saa za ziada zilizoleta ugomvi. Ni zaidi ya dola 249 bila kuhesabu hayo ya mwisho. Kwa nyumba ya Cimpunda au Panzi, hiyo ni miezi miwili ya kupumua.

Ndiyo maana yale maneno mawili ya Kifaransa yanapendwa. Kosa zito likikubalika, preavi inakwenda: siku 42 zinakuwa sifuri. Likizo na mshahara wa siku zilizofanyika haviguswi, lakini wengi hawaambiwi hivyo.

Kosa zito haliamuliwi na hasira ya mkubwa. Ni kosa ambalo baada yake haiwezekani tena, kwa nia njema, kumlazimisha mwajiri aendelee na mtu huyo: wizi, kupigana, matusi mazito, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine. Tena lina saa yake. Mwajiri ana siku 15 za kazi tangu ajue jambo hilo kumwandikia mfanyakazi kwamba anavunja mkataba. Anayefukua kosa la Januari ili kumfukuza mtu mwezi wa Aprili amechelewa, isipokuwa aonyeshe kwamba amelijua juzi tu.

Sheria inageuka pia upande wa pili, jambo ambalo halisemwi sana. Mwajiri naye anaweza kutenda kosa zito: kumpiga au kumtukana mfanyakazi, kumsumbua kimapenzi, kukata mshahara bila haki. Mfanyakazi anaweza kuondoka papo hapo bila kutoa preavi, mradi aandike barua ndani ya siku hizohizo 15 na kutaja sababu.

Barua isiyopaswa kuandikwa

Mtego mkubwa zaidi unakuja kwa sauti ya upole. Baada ya ugomvi, mfanyakazi anaitwa ofisini, anapewa kiti, anaambiwa: ili tusikuchafulie jina, andika wewe mwenyewe kwamba unaacha kazi. Karatasi na kalamu viko tayari mezani.

Anayeandika barua hiyo amegeuza hesabu yote. Si mwajiri tena anayevunja mkataba, ni yeye. Kisheria ndiye anayepaswa kutoa preavi, nusu ya ile ya mwajiri, yaani siku 21 kwa mlinzi wetu. Akiondoka siku hiyohiyo, mwajiri anaweza kumdai pesa za siku hizo. Kuhusu kufukuzwa bila sababu, hana tena cha kudai, mpaka athibitishe kwamba alilazimishwa kuandika. Kuthibitisha kilichosemwa ndani ya ofisi yenye watu wawili si kazi nyepesi.

Karatasi ya pili ya kuangalia ni ile ya malipo ya mwisho, inayosainiwa mbele ya keshia ikiwa na maneno "kwa malipo yote, sidai tena". Mwenye njaa anasaini. Ni afadhali kuomba kwanza hesabu kwa maandishi, mstari kwa mstari, na kuandika kwa mkono wako kiasi ulichopokea na tarehe.

Siku mbili za kazi baada ya kazi kuisha, mwajiri anapaswa kuwa amelipa yote. Ndani ya siku mbili hizohizo anapaswa kutoa cheti cha kazi: aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, namba ya CNSS. Hakuna neno jingine linaloruhusiwa, wala "alikuwa mkaidi", wala "alifukuzwa kwa wizi". Cheti si zawadi kwa waliondoka vizuri. Ni haki ya kila mtu, hata aliyefukuzwa kwa kosa zito, na namba ile ya CNSS ndiyo itakayoonyesha baadaye kama zile asilimia 5 zilifika mahali pake.

Kwa inspekta kwanza

Mtu hawezi kutoka getini moja kwa moja hadi tribinali. Ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri wake haupokelewi huko kama haujapitia kwa inspekta wa kazi. Inspekta anaziita pande mbili na kujaribu kuzipatanisha. Zikikubaliana, anaandika makubaliano. Zisipokubaliana, anaandika karatasi ya kutopatana, ile "PV de non-conciliation", na hiyo ndiyo ufunguo wa mlango wa tribinali ya kazi. Pale ambapo tribinali ya kazi haijafunguliwa, mahakama ya kawaida ndiyo inayoishika kesi.

Hakimu akiona hakukuwa na sababu halali, anaweza kuagiza mfanyakazi arudishwe kazini. Asiporudishwa, anapewa fidia ambayo hakimu anaipima kwa kuangalia miaka ya kazi, umri na aina ya ajira, bila kupita mishahara ya miezi 36. Kwa mlinzi wa dola 120, dari hiyo ni dola 4,320. Ni dari, si ahadi.

Wengi wanasimamishwa na kitu kimoja: hawana mkataba wa maandishi. Wanadhani basi hawana kesi. Sheria inasema kinyume. Mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa hauna mwisho mpaka ithibitishwe vingine, na mfanyakazi anaweza kuuthibitisha kwa njia yoyote: mashahidi, ujumbe wa simu, malipo ya M-Pesa au Airtel Money, picha akiwa na sare, daftari la zamu. Hata kibarua wa siku kwa siku ana mlango. Akiwa amefanya siku 22 ndani ya miezi miwili na kuchukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa ameajiriwa bila mwisho. Wapakiaji wa bandarini na wasaidizi wa mafundi ujenzi wanaopita kiwango hicho ni wengi kuliko wanaokijua.

Wa mashirika, na mwaka 2025

Kwa wafanyakazi wa mashirika ya kibinadamu hesabu ni tofauti, maana wengi wana mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mkataba huo hauna preavi ya kuhesabu kwa miaka. Mwajiri akiuvunja katikati bila kosa zito na bila nguvu isiyozuilika, anadaiwa mishahara na faida zote za miezi iliyobaki hadi tarehe ile.

Hapo ndipo ugomvi wa mwaka 2025 ulipolalia. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, na Machi serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID. Marekani ilikuwa imebeba karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu nchini Kongo mwaka uliotangulia. Barua zilifika Bukavu wakati mji wenyewe unabadilika mikono: katikati ya Februari waasi wa AFC/M23 waliingia, mabenki yakafunga, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Je, mfadhili kukata pesa ni nguvu isiyozuilika? Mashirika yanasema ndiyo, na mikataba mingi ina kifungu kinachotaja upatikanaji wa fedha. Avoka wa wafanyakazi anaweza kujibu kwamba kukosa pesa ni hatari ya kila mwajiri, tofauti na risasi barabarani au ofisi iliyoporwa. Kila mkataba unasomwa peke yake, na kifungu kile kidogo cha ukurasa wa mwisho kinaweza kuwa na uzito wa mishahara ya miezi minane.

Sekta binafsi nayo haikubaki salama. Juni 2025 kampuni ya Heineken, yenye Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake za Bukavu na Goma na imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki huko.

Tatizo la sasa ni kwamba njia iliyoandikwa katika sheria inahitaji inspekta aliyeko ofisini, hakimu anayekaa, na mwajiri ambaye hajahamia Kinshasa au Bujumbura. Tangu Februari 2025 huduma za Leta mjini zimevurugika, na mtu anayefuata haki yake anaweza kukuta mlango mmoja umefungwa na mwingine una wakubwa wengine. Kwa wengine kinachobaki ni kuandika dai, kulipeleka lipokelewe kwa sahihi na tarehe, hata kwenye makao makuu ya kampuni, na kutunza nakala mbali na nyumba.

Ng'ambo ya ziwa

Anayevuka Tanganyika kutoka Baraka hadi Kigoma anakuta sheria nyingine. Tanzania iliingiza fao la kukosa ajira mwaka 2018. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi aliyechangia walau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake na hajafika miaka 55, anaweza kulipwa, kama ana taaluma, theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Ni kidogo, na lina masharti, lakini lipo. Huko pia barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa hasira ndiyo inayofunga mlango.

Kongo hakuna fao kama hilo, kwa hiyo uzito wote unabaki kwenye deni la mwajiri. Na deni hilo linazeeka. Madai mengine ya mkataba yana miaka mitatu. Ya mshahara yana mwaka mmoja tu. Kwa mlinzi wa Muhumba, mwaka huo ulianza kuhesabiwa siku ile pesa zake zilipopaswa kulipwa, si siku atakayopata avoka.